Tamaa za Mwili: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua kwa Aliyeokoka Juzi

Katika ushirika wa nyumbani hapa Nairobi, uwe Umoja au Kasarani, maswali ni yale yale. "Nimeokoka, mbona bado natamani?" "Ijumaa kwenye kesha naomba mpaka machozi yanatoka, mbona Jumatatu narudi palepale?" "Nifunge siku ngapi ndipo kitu hiki kiniachilie?" Wanaouliza wana nia njema kabisa: makanga, wanafunzi wa chuo, mama mwenye duka, mhasibu anayefanya kazi Upper Hill. Nimeandika mwongozo huu ili anayeuliza usiku huu apate pa kuanzia kesho asubuhi.

Kuna jambo moja la kushika tangu mwanzo, maana hatua zote zinalitegemea. Wengi wetu tunaanza kupigana tamaa ikiwa imeshafika chumbani, na hiyo ndiyo saa tuliyo wadhaifu kuliko zote. Pambano huamuliwa mapema zaidi: unafika nyumbani saa ngapi, unapita njia gani, pesa ziko wapi, simu inalala wapi, nani anajua. Paulo aliwaandikia Warumi (13:14), "mvaeni Bwana Yesu Kristo, wala msiuangalie mwili, hata kuwasha tamaa zake." Augustino, Mwafrika aliyezaliwa Thagaste katika nchi tunayoiita leo Algeria, aliisoma aya hiyo bustanini mjini Milan mwaka 386, baada ya miaka ya kumwomba Mungu usafi huku akimsihi asiharakishe kumpa. Pasaka iliyofuata alibatizwa.

Wala usiuchukie mwili wako. Njaa, usingizi na hamu ya mume kwa mke ni kazi ya Mungu, na mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu (1 Wakorintho 6:19). Tunachopinga ni hamu iliyotoka mahali pake ikataka kuwa bwana wa nyumba. Nadharia inatosha.

Andaa haya kabla ya kuanza

- Biblia ya karatasi. Ya simu ni nzuri ukiwa kwenye matatu, lakini kwa wengi simu ndiyo mlango wa jaribu lenyewe.
- Daftari dogo na kalamu. Usiandike mambo haya kwenye simu ambayo watoto wanaichezea.
- Saa ya kengele ya betri, ile ya bei nafuu. Utaona sababu katika hatua ya 3.
- Mtu mmoja wa jinsia yako, aliyekomaa katika imani, anayejua kufunga mdomo.
- Wiki sita ambazo hujazijaza ahadi nyingine kubwa.

Onyo kabla ya yote: ikiwa umekuwa ukinywa pombe nyingi kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka unywe, usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa kwa mara moja unaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa, na watu hufa hivyo. Nenda hospitali kwanza, uachishwe chini ya uangalizi wa daktari. Kumwona daktari hakupunguzi imani yako hata kidogo.

Hatua ya 1: Chagua tamaa moja na uiite jina lake

Yohana anazitaja tatu kwa mpigo: tamaa ya mwili, tamaa ya macho, na kiburi cha uzima (1 Yohana 2:16). Ukijichunguza utapata kidogo cha kila moja. Usizikabili zote wiki moja. Chagua ile unayoificha zaidi, maana hiyo ndiyo yenye mizizi.

Kisha iandike waziwazi. "Nina udhaifu fulani" haifai. Andika: "Nabeti kila Jumamosi kwa pesa ya kodi." "Natazama picha za ngono usiku." "Nakula mpaka tumbo linauma, kisha nakula tena." "Nanunua nguo kwa mkopo wa simu ili nionekane Jumapili." Utaona haya kuandika, na haya hiyo ni dalili kwamba umeandika ukweli.

Hatua ya 2: Ijue saa yake

Kwa siku saba, kila jaribu linapokuja, andika mambo manne: saa, mahali, ulivyokuwa unajisikia, na kilichotangulia katika nusu saa iliyopita. Hii si ruhusa ya kuendelea na dhambi. Ukishinda, andika. Ukishindwa, andika vilevile.

Hatua hii watu huiruka kwa sababu haionekani ya kiroho, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Mchukulie ndugu anayekaa Pipeline na kufanya kazi Industrial Area, anayelipwa kila Ijumaa. Yeye anasema shida yake ni pombe. Ukilifungua daftari lake unakuta mistari mitatu inayofanana: Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu jioni, hajatia kitu tumboni tangu githeri ya saa saba, mshahara wa wiki uko mfukoni taslimu, na baa iko katikati ya steji anayoshukia na mlango wa ploti yake. Siku nyingine za wiki hana hamu kabisa. Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2010, baa hufungua saa kumi na moja jioni siku za kazi, yaani saa ile ile ambayo mtu anatoka kazini na njaa na uchovu wake. Ndugu huyo hahitaji kwanza mkutano mkubwa wa maombezi. Anahitaji kula ndizi mbili na mandazi saa kumi na moja, kumtumia mkewe pesa kabla hajapanda matatu, na kushukia steji inayofuata ili aingie kwa upande wa pili. Akishafanya hayo, maombi yake yatakuwa na mahali pa kusimama.

Soma 2 Samweli 11 ukiwa na daftari hilo mkononi. Wafalme wenzake wamekwenda vitani, Daudi amebaki Yerusalemu, jioni anaamka kitandani, anatembea juu ya dari. Saa na mahali vilikuwa tayari kabla Bathsheba hajaonekana.

Mwisho wa wiki utaona mambo yale yale yakijirudia: njaa, hasira, upweke, uchovu. Katika Nairobi ongeza la tano, mwisho wa mwezi.

Hatua ya 3: Kata njia

Sasa unajua saa na mahali, kwa hiyo ondoa kinachokufikisha hapo. Fanya mchana, ukiwa umeshiba na akili imetulia.

*Picha za ngono na mitandao.* Simu isilale karibu na kitanda. Najua wengi tunaishi chumba kimoja. Basi ichajie karibu na mlango, juu ya kabati la vyombo, mahali ambapo lazima usimame na kutembea ili uifikie. Kengele ya asubuhi ni kazi ya ile saa ya betri, kwa hiyo kisingizio cha kuiweka simu chini ya mto kimekwisha. Halafu weka kichujio. Kwenye simu za Android toleo la 9 na kuendelea, ingia kwenye mipangilio ya mtandao, tafuta DNS ya Faragha, andika family.cloudflare-dns.com, uhifadhi. Ni bure, na kurasa nyingi chafu zitakataa kufunguka, kwa bando au kwa Wi-Fi. Hakizuii kila kitu, na anayetaka kukiondoa ataweza. Kazi yake ni kukupa dakika ya kufikiri. Programu ambayo daftari limeitaja mara tatu, ifute.

*Kamari.* Kufuta programu peke yake hakusaidii, maana akaunti bado iko na pesa ziko kwenye M-Pesa. Omba akaunti ifungwe kabisa. Ondoka kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram yanayotoa mikeka ya kubeti. Siku ya mshahara, kabla hujafanya lolote, lipa nyumba, tuma karo, peleka akiba kwenye chama au Sacco ambako huwezi kuitoa saa sita usiku. Kama unatumia Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, kubetia, lipa deni kisha ujiondoe. Na uamini hili: pesa uliyopoteza imekwenda. Tamaa ya kuirudisha ndiyo inayowarudisha wengi.

*Pombe.* Badilisha njia ya kurudi nyumbani, na usitembee Ijumaa jioni na pesa taslimu. Waambie rafiki zako wa meza ile sentensi moja tu, "Nimeacha," bila hotuba. Wakikuita "kidogo tu", jibu ni lile lile. Kwa miezi ya kwanza kutaneni nao saa nne asubuhi kwa chai.

*Chakula.* Kula kwa saa. Anayeruka chakula cha mchana ataangukia mutura na chipsi jioni, na atafikiri ni pepo kumbe ni njaa. Pakua sahani moja, funika sufuria, kaa mbali nayo.

*Kujionyesha.* Acha kufuata kurasa zinazokufanya uyaone maisha yako kuwa aibu. Kabla ya kununua kitu kisicho cha lazima, kiandike kwenye daftari na usubiri siku saba.

Kosa la kawaida hapa: kuweka nadhiri kubwa. "Kuanzia leo sitagusa tena maisha yangu yote." Ahidi mpaka kesho jioni. Kesho jioni, ahidi tena.

Hatua ya 4: Mwambie mtu mmoja

"Ungamianeni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa" (Yakobo 5:16). Afrika Mashariki tuna urithi katika jambo hili. Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulienea mpaka Kenya, na alama yake mojawapo ilikuwa kutembea nuruni: ndugu anasimama katika ushirika na kusema alichofanya, bila kukipamba. Wazee wetu waliolelewa humo wanajua kwamba tamaa iliyosemwa kwa sauti hupungua nguvu usiku ule ule.

Lakini fanya kwa hekima. Usiungame kwenye kundi la WhatsApp. Usimwambie mtu wa jinsia nyingine asiye mwenzi wako wa ndoa, hata kama ni mwombaji hodari. Usimwendee ambaye visa vya watu hugeuka mifano ya mahubiri. Ukiwa umeoa au umeolewa na jambo lenyewe ni uzinzi, mshirikishe kwanza mchungaji mwaminifu au mshauri wa ndoa, mpange pamoja jinsi ya kumwambia mwenzako.

Kama maneno yanakwama, sema hivi: "Ndugu, nimekuwa nikifanya jambo hili. Huwa ni saa hii, mahali hapa. Naomba uniulize kila Jumapili." Mpe maswali matatu: Umeanguka? Lini na wapi? Umenidanganya popote katika majibu haya? Swali la tatu ndilo linalofanya kazi.

Hatua ya 5: Jaza pengo

Bwana alisema habari za pepo mchafu anayerudi akaikuta nyumba tupu, imefagiwa na kupambwa, akaingia na wenzake saba (Mathayo 12:43-45). Saa uliyoiondoa lazima ipate kazi, na iwe ileile. Ikiwa jaribu ni saa tatu usiku, zoezi la kwaya la Jumamosi asubuhi halitakusaidia. Pika. Fua. Tembea na jirani. Mpigie mama simu kijijini. Soma sura moja kwa sauti.

Hatua ya 6: Funga, lakini funga vizuri

Makanisa mengi jijini huanza mwaka kwa mfungo wa siku 21, wakimfuata Danieli wa sura ya 10, ambaye kwa majuma matatu hakula chakula kitamu, wala nyama, wala divai. Anayeanza asianzie hapo. Anza na siku moja kwa wiki. Wakristo wa karne za kwanza walizoea Jumatano na Ijumaa, na Wakristo wa Orthodox bado wanazishika.

1. Siku mbili kabla, punguza chai na kahawa. Kichwa kinachowauma wengi siku ya mfungo mara nyingi kinatokana na kukosa kafeini ghafla.
2. Kula chakula cha kawaida jioni iliyotangulia. Ugali, sukuma na maharagwe vinatosha. Usijishindilie.
3. Mara ya kwanza ishia saa tisa alasiri. Wiki ya tatu au ya nne, fika saa kumi na mbili jioni.
4. Kunywa maji. Mfungo wa bila maji si wa anayeanza.
5. Saa ya chakula cha mchana, itumie kuomba. Kama ofisini hakuna faragha, dakika kumi kwenye ngazi zinatosha.
6. Pesa ya chakula hicho mpe mwenye njaa siku hiyo hiyo. Isaya 58 inauunganisha mfungo na mkate wa maskini, na ukiuacha mkate unabaki na zoezi la kupunguza uzito.
7. Fungulia kwa uji au matunda, kisha chakula chepesi. Nyama choma ingoje kesho.
8. Nawa uso, paka mafuta, usitangaze (Mathayo 6:16-18). Maana yake leo ni pamoja na kutouweka mfungo wako kwenye status.

Asiyefaa kufunga chakula: mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari anayetumia dawa, mwenye vidonda vya tumbo, mgonjwa aliyeambiwa ale ndipo ameze dawa, na mtu aliyewahi kuwa na ugonjwa wa kujinyima chakula. Kanisa Katoliki lenyewe halimlazimishi kufunga aliye chini ya miaka 18 wala aliyefikisha 59. Hao wafunge simu, muziki, sukari au maneno.

Mfungo hausukumi mkono wa Mungu. Unaufundisha mwili kusikia neno "ngoja" katika jambo dogo, ili ulijue utakapofika wakati wa jambo kubwa. Paulo alisema, "nautesa mwili wangu na kuutumikisha" (1 Wakorintho 9:27), akiwa anazungumza na watu waliojua wanariadha.

Hatua ya 7: Jua la kufanya jaribu likiwaka

Hata ukikata njia zote, iko siku litakuja. Fanya kwa mpangilio huu. Simama. Toka chumbani; Yusufu aliliacha vazi mkononi mwa mwanamke akakimbia nje (Mwanzo 39:12), hakubaki kujadiliana. Sema aya moja kwa sauti, uliyoikariri kabla, kama Bwana alivyomjibu Ibilisi kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati. Kwa macho, Zaburi 119:37 inafaa: "Unigeuze macho yangu nisitazame visivyofaa." Mpigie mwenzako, yule uliyemwungamia katika hatua ya 4. Asiposhika, tuma neno moja mlilopatana, kisha kaa mahali penye watu, hata ikiwa ni kwenye benchi la duka la chini. Mara nyingi hamu hupanda, hufika kilele, hushuka ndani ya nusu saa kama haikulishwa. Mungu ameahidi "mlango wa kutokea" (1 Wakorintho 10:13), na kwa kawaida ni mlango wa mbao wa nyumba yako.

Mambo yakikwama

*Nimeanguka siku ya tatu.* Tubu siku hiyo hiyo, mwambie mwenzako kabla hujalala, andika saa na mahali, endelea na siku ya nne. Usianze kuhesabu upya kwa uchungu, na usiseme "kwa kuwa nimeshaharibu, nimalizie wiki." Kauli hiyo huwaangusha watu kuliko lile anguko la kwanza. Mithali 24:16 inasema mwenye haki huanguka mara saba, akaondoka tena.

*Tangu nianze, tamaa imezidi.* Ni kawaida katika wiki za kwanza. Kitu kilichokuwa kikipewa kila kinapoomba, kikinyimwa hulia kwa nguvu. Usiongeze siku za mfungo kwa hofu. Angalia usingizi wako. Anayelala kwa muda wa saa nne tu usiku mzima ataanguka hata akiwa na kichujio na mwenzi wa maombi.

*Nimeacha kamari, sasa nakula ovyo.* Tamaa imehama nyumba. Rudi kwenye hatua ya 2 na daftari jipya. Kwa kawaida utakuta upweke au uchungu wa zamani chini ya zote mbili, na hapo mshauri nasaha anasaidia.

*Mwenzangu haulizi tena.* Mwambie. Mwezi wa pili akinyamaza, tafuta mwingine bila kinyongo.

*Nimeambiwa nipande mbegu ya pesa ili nifunguliwe.* Usitoe. Neema haiuzwi, na anayekuuzia atakuja tena mwezi ujao.

*Naona wengine wote ni wachafu kuliko mimi.* Umeshinda moja ukaingia nyingine, ile ya tatu katika orodha ya Yohana. Wakolosai 2:20-23 inaonya kwamba ukali wa "msishike, msionje, msiguse" peke yake hauna nguvu ya kuzuia tamaa. Tafuta huduma ambayo hakuna atakayekuona: osha vikombe baada ya ibada.

*Miezi mitatu imepita na siwezi kabisa.* Huenda ni uraibu unaohitaji matibabu pamoja na maombi. NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi, ina simu ya bure ya ushauri, 1192, kwa pombe na dawa za kulevya. Hospitali ya Mathari, kando ya barabara ya Thika, ina huduma ya waraibu. Vikundi vya Alcoholics Anonymous hukutana Nairobi, na huhitaji kutaja jina lako kamili. Ukifikiria kujidhuru, usingoje Jumapili. Mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi na uende hospitali.

*Kazi yangu ndiyo jaribu lenyewe.* Dada anayehudumu baa, kijana wa duka la kubeti, dereva anayelala safarini Mlolongo: usiambiwe tu "acha kazi" na mtu ambaye hatakulipia kodi. Peleka jambo hili kwa ushirika wenu kama hitaji la pesa na la kazi, kwa sauti, pamoja na kiasi unachohitaji kwa mwezi. Wakati mnatafuta, omba zamu ya mchana, kula kabla ya kuingia, tuma pesa nyumbani kabla ya kufunga hesabu, na mwenzako akupigie saa ile ambayo daftari limeitaja.